Ankara ya Majalada

Marekani haina jeshi moja la polisi. Ina idara zipatazo 18,000: za miji, za kaunti chini ya masherifu, za majimbo, hata za vyuo vikuu. Karibu nusu ya idara za miji zina askari wa kudumu wasiofika kumi. Mbakaji akitoka mji mmoja na kuingia mwingine, mwendo wa nusu saa kwa gari, jalada lake hubaki nyuma, kwa wapelelezi wasiojuana na wenzao wa kule alikohamia.

Tangu 1985 FBI wana kanzidata iitwayo ViCAP, iliyoundwa ili mauaji na ubakaji wenye mtindo mmoja uonekane hata kama umetokea miji mbalimbali. Kwa nchi nzima, kuitumia ni hiari. Mwaka 2015 waandishi wa ProPublica waliripoti kuwa idara 1,400 hivi tu ndizo zilizokuwa zikiitumia. Mwaka 2019 Texas ikasema hiari basi: kwa sheria iliyopewa jina la Molly Jane, msichana wa miaka 22 aliyeuawa Fort Worth mwaka 2017, kila idara ya jimbo hilo inatakiwa kuingiza taarifa za ubakaji katika ViCAP. Muuaji wake, Reginald Kimbro, alikuwa ametuhumiwa na wanawake wengine kabla, katika miji mingine ya Texas. Mwaka 2022 alikiri mauaji mawili pamoja na mashtaka ya ubakaji. Wapo sasa wanaotaka sharti hilo liwe la taifa zima.

Nimeupanga mjadala huu kwa sauti tatu za kubuni. Mpelelezi ni mwanamke mzaliwa wa Kenya aliyestaafu upolisi wa Texas. Mhasibu ni kijana anayepanga bajeti ya mji mdogo wa jimbo hilohilo. Mkalimani ni mama mtu mzima kutoka Fizi, Kongo, aliyepitia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na ambaye sasa hutafsiri Kiswahili hospitalini. Ninapokatiza, nakatiza kwa jina langu, na sifichi ninakoelemea.

Mpelelezi: Nianze na mtu aliyeliona jambo hili kabla yetu. Pierce Brooks alikuwa mpelelezi wa Los Angeles miaka ya 1950. Alipata mauaji ambayo, kwa jicho lake, hayakuwa ya mtu anayeanza. Aliamini mhusika ameshaua kwingine. Lakini aulize wapi? Akawa anakwenda maktaba kupekua magazeti ya miji mingine, akitafuta habari inayofanana na yake. Mwaka 1983 alisimama mbele ya Seneti kueleza kuwa kazi hiyo sasa inaweza kufanywa na kompyuta. ViCAP ilizaliwa hapo. Miaka mingi imepita na bado tunabishana kama askari alazimishwe kujaza fomu.

Mhasibu: Dada, tubishane na hesabu basi, tusibishane na Brooks. Chombo hicho kilianza na fomu ya maswali 189. Tathmini ya miaka ya 1990 ilikuta kwamba katika miaka 12 kimeunganisha makosa 33 tu. Unataka nimwambie diwani wangu tuwalazimishe askari wanane tulio nao wakilishe chombo cha namna hiyo?

Mpelelezi: Kilikosa matokeo kwa sababu hakikulishwa. Kanzidata yenye kesi za idara chache haiwezi kuonyesha kufanana kwa kesi ambazo hazimo. Na fomu imepunguzwa, sasa ina maswali 95 hivi. Jirani zetu Kanada walipitia aibu hiyohiyo. Paul Bernardo alibaka wanawake Scarborough, Toronto. Sampuli yake ilichukuliwa Novemba 1990 na majibu ya vinasaba yakatoka 1993. Katikati hapo alihamia upande wa Niagara akaua. Polisi wa Toronto na wa Niagara walikuwa kila mmoja na lake. Jaji Archie Campbell akaandika ripoti mwaka 1996, na mwaka uliofuata Ontario ikafanya kujaza ViCLAS, kanzidata yao, kuwa sharti la kisheria. ProPublica waliandika kuwa Wakanada wanahesabu makosa 7,000 hivi yaliyounganishwa tangu 1995.

Mhasibu: Na waliandika pia Kanada inatumia kiasi gani. Zaidi ya wafanyakazi 100 na dola milioni 14 au 15 kwa mwaka. ViCAP wakati huohuo ilikuwa na watu 12 na bajeti ya dola 800,000 hivi. Kanada ambayo watu wake hawafiki thumuni ya Wamarekani! Kwa hiyo ukiniambia Kanada imefaulu, nakubali. Lakini usiniambie imefaulu kwa sababu ya neno "lazima". Imefaulu kwa sababu kuna watu wanaolipwa kukaa na zile fomu na kuzisoma.

Mpelelezi: Hilo sikatai.

Mhasibu: Sasa hesabu yenyewe. Polisi nchini waliripoti ubakaji zaidi ya 130,000 mwaka 2022. Tuseme kila fomu inakula saa moja. Saa 130,000. Mwaka wa kazi wa mtu mmoja hapa huhesabiwa saa 2,080, kwa hiyo ni kazi ya askari 63 hivi kwa mwaka mzima. Tuseme kila saa, pamoja na bima na pensheni, inagharimu dola 50. Ni dola milioni 6 na nusu.

Mpelelezi: Kwa nchi ya watu zaidi ya milioni 330! Mdogo wangu, umenisaidia. Kituo cha Kudhibiti Magonjwa, CDC, kilikadiria mwaka 2017 kwamba ubakaji mmoja humgharimu mwathirika na jamii dola 122,461 maishani mwake: matibabu, kazi iliyopotea, mahakama. Gawanya milioni 6 na nusu kwa hizo. Wakizuiwa wabakaji wa kutosha kuokoa watu 54, fomu zote za nchi zimejilipa.

Mhasibu: Ningekuwa nahesabu saa za fomu tu, ningenyanyua mikono. Lakini mimi hukaa upande wa pili wa sheria kama hizi. Mwaka 2021 FBI waliacha kupokea takwimu za uhalifu kwa mfumo wa zamani, wakasema kila idara itumie mfumo mpya, NIBRS. Serikali kuu ilikuwa imetoa zaidi ya dola milioni 120 za kuwasaidia watu kuhama. Na siku ilipofika, maelfu ya idara hazikuwa tayari, New York na Los Angeles zikiwemo. Kama Los Angeles wenye jengo zima la watu wa kompyuta walishindwa, mimi ninayemtegemea karani mmoja wa nusu siku nitafanyaje? Programu yetu ya majalada haizungumzi na ya FBI. Lazima mtu aandike upya kila kitu kwa mkono. Lazima chumba, kompyuta na watumiaji vikidhi kanuni za usalama za FBI, vikaguliwe. Askari akihama, na kwetu wanahama kila mara kwa sababu mji mkubwa unalipa zaidi, mafunzo yanaanza upya. Gharama hizo hazimo katika ile saa moja.

Nimkatize hapa, kwa sababu anagusa jambo ambalo wasomaji wetu wa Afrika Mashariki wanaweza kulipita. Kenya na Tanzania zina polisi wa taifa, na amri ikitoka makao makuu inashuka hadi kituo cha mwisho. Washington haina mamlaka hayo. Mwaka 1997, katika kesi ya Printz, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba serikali kuu haiwezi kuwaamuru maafisa wa majimbo watekeleze mpango wake. Kinachobaki ni fedha: fanyeni hivi, la sivyo tunakata ruzuku.

Mhasibu: Na ruzuku hiyo tumeiona inavyocheza. Sheria ya Adam Walsh ya 2006 ilitaka kila jimbo lifuate kanuni moja ya daftari la wahukumiwa wa makosa ya ngono, na asiyefuata apoteze asilimia 10 ya ruzuku ya polisi iitwayo Byrne. Majimbo mengi, Texas hii tunayokaa ikiwa mojawapo, yaliona kutii kunagharimu zaidi ya hiyo asilimia 10, yakachagua adhabu. Adhabu ikiwa ndogo, watu watailipa na kuendelea na yao. Ikiwa kubwa, itawaumiza wale wadogo ambao ruzuku ndiyo inayowanunulia redio. Mwishowe mwanamke aliyebakwa katika mji wangu anapata polisi maskini zaidi kwa jina la kumtetea.

Mpelelezi: Basi tuwaache? Nikupe kisa cha Marc O'Leary. Kati ya 2008 na 2011 alibaka wanawake jimbo la Washington na Colorado. Alikuwa mwanajeshi, na alibadilisha miji makusudi akijua idara hazisemezani. Hukumu yake ilikuwa miaka 327 na nusu. Mtu huyo alifanya hesabu ya kutojuana kwetu, akaishi ndani yake.

Mhasibu: Dada, na alikamatwaje? Januari 2011 Stacy Galbraith, mpelelezi wa Golden, alirudi nyumbani akamsimulia mumewe kesi aliyopokea. Mume alikuwa askari wa Westminster. Akamwambia, hii inafanana na ya kwetu. Asubuhi Galbraith akaandika barua pepe, na Edna Hendershot wa Westminster akajibu. Ni mke na mume, na wapelelezi wawili waliokubali kugawana kesi.

Mpelelezi: Ndiyo! Na wangekuwa hawajaoana? Tunataka usalama wa wanawake utegemee nani amemwoa nani? Na usikiache kipande cha pili. ViCAP ndiyo iliyoonyesha kwamba kisa cha Kirkland, kule jimbo la Washington, kinafanana na vya Colorado. Maili zaidi ya elfu moja. Hakuna ndoa inayofika huko.

Mkalimani: Wanangu, nimewasikiliza. Mmetaja Kirkland, mmeruka Lynnwood, na miji hiyo ni jirani.

Mpelelezi: Tueleze, Mama.

Mkalimani: Miezi miwili hivi kabla ya Kirkland, Agosti 2008, mtu huyohuyo alimbaka msichana wa miaka 18 pale Lynnwood. Wapelelezi walimhoji mara kwa mara mpaka akakana maneno yake mwenyewe. Wakamfungulia shtaka la kutoa taarifa ya uongo. Ukweli ulijulikana 2011, picha zake zilipokutwa kwa O'Leary. Mji ukamlipa dola 150,000. Sasa niambieni: sheria yenu ya kulazimisha ingekuwapo mwaka ule, polisi wa Lynnwood wangejaza fomu gani? Kwao hapakuwa na ubakaji. Jalada lilifungwa. Hakuna kompyuta inayounganisha kisa ambacho askari amekwisha kukifuta.

Mpelelezi: Hapo umenishika, Mama.

Mkalimani: Mnahesabu gharama kuanzia askari anapokaa mbele ya kompyuta. Mimi nahesabu kuanzia mwanamke anapofungua mdomo. Nilipokuwa Kigoma nilijua akina mama walioogopa PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kuliko walivyoogopa ugonjwa, kwa sababu kwenda kuichukua ni kwenda kusema kituoni, mbele ya watu. Hapa Texas hofu imebadilika sura tu. Mwanamke ananiuliza kwa Kiswahili, kabla sijamtafsiria daktari neno lolote: haya yataandikwa wapi? Nani atayasoma? Nikimwambia yanakwenda Washington, kwa FBI, unadhani atasema?

Mhasibu: Lakini Mama, fomu hiyo inahusu hasa mhalifu.

Mkalimani: Yeye anajuaje? Mwaka 2017, wakati wa vitisho vya kuwafukuza wahamiaji, mkuu wa polisi wa Houston wa wakati huo, Art Acevedo, alisema taarifa za ubakaji kutoka kwa watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini zilishuka kwa asilimia 42.8 katika miezi mitatu, zikilinganishwa na mwaka uliotangulia. Ubakaji haukupungua namna hiyo. Watu walinyamaza. Iweke hiyo kwenye bajeti yako.

Hapa ndipo mjadala huu, kwangu mimi, unapopata uzito wake. Watetezi wa sharti la kitaifa na wapinzani wake wote huzungumza kana kwamba taarifa ipo tayari, inangoja kusafirishwa tu. Taarifa ya ubakaji haipo mpaka aliyeumizwa akubali kuitoa, na hukubali akiamini kwamba haitamgeukia. Imani hiyo imewahi kuvunjwa, na si zamani. Mwaka 2022 mwendesha mashtaka wa San Francisco, Chesa Boudin, alifichua kwamba maabara ya polisi ilikuwa ikitumia vinasaba vya waathirika wa ubakaji kutafuta washukiwa wa makosa mengine. Mwanamke aliyetoa sampuli yake mwaka 2016, akiwa mwathirika, alikamatwa miaka mitano baadaye kwa kosa la mali. California ikalazimika kutunga sheria ya kuzuia hilo. Uingereza nako, Agosti 2023, polisi wa Norfolk na Suffolk walikiri kwamba majibu ya maombi ya takwimu yalikuwa yametoka na habari za watu 1,230 ndani yake, waathirika wa makosa ya ngono wakiwamo. Hakuna aliyekusudia. Kadiri mikono inayoshika faili inavyoongezeka, ndivyo kosa la bahati mbaya linavyopata mlango.

Mpelelezi: Mama, nikuulize kwa heshima. Unataka tuache?

Mkalimani: Sijasema tuache. Mbona mnafikiri kila anayetaja gharama anataka kufunga duka? Nataka kujua kinachoandikwa.

Mpelelezi: Kinachohitajika ili kuunganisha kesi ni mwenendo wa mhalifu. Aliingilia dirisha au mlango. Alisema nini. Alimfunga kwa kitu gani. Alichukua nini alipoondoka. Alimlazimisha aoge au hapana. O'Leary alitambulika kwa mambo hayo: kinyago, kamera, kuwaamuru wanawake waoge. Jina la mwanamke, anwani yake, hadhi yake ya uhamiaji, kabila lake, si vya lazima katika kulinganisha. Mpelelezi wa mji mwingine akiona kufanana, na apige simu kwa mpelelezi wa kwanza. Jina libaki kule lilikozaliwa.

Mkalimani: Hilo liandikwe ndani ya sheria. Lisiachwe kwa nia njema ya mtu.

Mhasibu: Na mimi niongeze la kwangu. Kesi nyingi za ubakaji hazina aliyehukumiwa. Kinachoingia ni mtuhumiwa, wakati mwingine sura tu aliyoielezea mtu mwenye hofu usiku. Mimi ni kijana mweusi Texas. Sura hiyo nimewahi kuambiwa ni yangu. Jina likishaingia kwenye kompyuta ya FBI, nani ana kazi ya kulitoa tuhuma ikianguka? Kuingiza ni saa moja. Kusafisha ni miaka, na hakuna anayelipwa kusafisha.

Mpelelezi: Nakubali, ingawa nakuonya upande wa pili. Uingereza, kabla ya Ian Huntley kuua watoto wawili wa Soham mwaka 2002, polisi wa Humberside walikuwa wamepokea tuhuma kadhaa za makosa ya ngono dhidi yake miaka ya 1990. Hakuhukumiwa kwa hata mojawapo. Alipoomba kazi ya shule Cambridgeshire, tuhuma hizo hazikujitokeza. Uchunguzi wa Sir Michael Bichard ulizaa kanzidata ya polisi ya taifa, iliyoanza 2011. Tuhuma moja inaweza kuwa si kitu. Tuhuma nyingi za mtindo mmoja, kutoka kwa watu wasiojuana, ni jambo jingine, na haziwezi kuonekana ni nyingi mpaka zikae pamoja.

Mhasibu: Zikae pamoja na msomaji, dada! Narudi palepale. Watafiti wa Kanada waliwahi kuwapa polisi kadhaa jalada lilelile wajaze fomu ya ViCLAS, na majibu yakatofautiana sana. Askari aliyelazimishwa, saa tisa usiku, atajaza ili mkuu wake asimgombeze. "Haijulikani, haijulikani, haijulikani." Sheria itaonekana imetiiwa.

Ninamuunga mkono Mhasibu katika hili kuliko anavyotarajia. Sheria ya kulazimisha ambayo haina fedha ndani yake inahamisha deni kutoka Washington kwenda kwa mji wa askari wanane, na kutoka kwa mji huo kwenda kwa mwanamke, ambaye atahojiwa haraka zaidi na askari mwenye fomu moja ya ziada. Lakini simuungi mkono anapotaka hesabu hiyo iwe sababu ya kubaki na hiari. Hiari imejaribiwa tangu 1985. Sharti liwepo, na ankara iende serikali kuu: wachambuzi wa kikanda wanaojaza fomu kwa niaba ya miji midogo baada ya kusoma jalada zima, programu inayochukua taarifa moja kwa moja kutoka mfumo wa mji, na idadi ya wasomaji inayofanana na ya Kanada. Hata ikiwa mara kumi ya dola milioni 6 na nusu za Mhasibu, bado ni gharama ya ubakaji usiofika 600 kwa kipimo cha CDC. Na kesi zilizofungwa kwa madai kwamba "hazina msingi" ziingizwe pia, maana kisa cha msichana wa Lynnwood kilizikwa humo.

Mpelelezi: Askari watazipinga hizo za mwisho. Ni kama kukiri hadharani.

Mkalimani: Wapinge.

Mhasibu: Basi tumekubaliana?

Mkalimani: Bado. Mwaka 2009 kule Detroit, katika ghala la polisi, vilikutwa visanduku zaidi ya 11,000 vya ushahidi wa ubakaji ambavyo havijapimwa. Mwendesha mashtaka Kym Worthy alipigania vipimwe, na vilipopimwa vikafichua mamia ya wanaodhaniwa kuwa wabakaji wa kurudia. Vizuri. Lakini kila jibu lilikuwa na mwanamke nyuma yake; wengine walikuwa wamesubiri miaka zaidi ya kumi, wamehama, wameolewa, wamewaficha waume zao. Mtu alilazimika kwenda kuwatafuta na kuwaambia. Ukiunganisha majalada ya nchi nzima utapata wanawake wa namna hiyo katika kila jimbo. Mhasibu, katika hesabu yako, yuko wapi huyo wa kwenda kuwaambia?

Mhasibu: Sikumweka, Mama.

Mkalimani: Na awe anazungumza lugha yao. Wale wa kwangu hawatamwelewa anayekuja na Kiingereza cha polisi.

Mpelelezi: Katika kazi yangu yote sijaona nafasi hiyo ikitangazwa. Tulikuwa tukipiga simu wenyewe, mwisho wa zamu, kama namba bado inaita.

Mhasibu: Nipeni makadirio. Mtu mmoja anaweza kuwatafuta wangapi kwa mwaka, akifanya vizuri?